Radi ya Mönsterås na Mikono Iliyoujenga Wimbo

Mönsterås ni mji mdogo wa pwani, kusini-mashariki mwa Uswidi, katika jimbo la Småland. Mbele yake kuna Bahari ya Baltiki na visiwa vidogo vingi. Nyuma yake kuna misitu na mashamba yenye mawe mengi, ardhi ambayo kwa karne kadhaa iliwalisha watu wake kwa shida. Hapo ndipo alipozaliwa Carl Gustaf Boberg, tarehe 16 Agosti 1859. Baba yake alikuwa seremala katika karakana ya meli. Ujanani Boberg mwenyewe alikwenda baharini kama mabaharia wengine wa pwani ile, na alipofikia umri wa miaka 19 akaokoka. Alisoma katika shule ya Biblia mjini Kristinehamn, kisha akarudi nyumbani kuhubiri. Hakuwa kasisi. Alikuwa mhubiri wa kawaida, mtu wa watu, na mshairi.

Dini aliyoikuta ilikuwa imetoka tu kwenye kifungo. Sheria ya mwaka 1726 iliwakataza Waswidi kukutana majumbani kwa ibada bila kasisi wa kanisa la taifa. Waliokusanyika jikoni kwa jirani kusoma Biblia na kuomba walitozwa faini, na wengine walitiwa ndani. Mwaka 1850 mhubiri wa Kibaptisti, F. O. Nilsson, alihukumiwa kufukuzwa nchini mwake kwa sababu ya mafundisho yake. Sheria ile ilifutwa mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya Boberg kuzaliwa. Hata baada ya hapo, watu wa uamsho waliendelea kutazamwa kwa jicho baya na wakubwa wa dini na wa serikali, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Nyumba za sala zilijengwa vijijini. Mwaka 1878 Muungano wa Misheni wa Uswidi ulianzishwa, na miaka mitatu baadaye ulikuwa tayari na wamisionari Kongo. Watu hawa waliimba sana. Kwao wimbo ulikuwa ndio katekisimu ya mtu asiye na vitabu: alichokiimba Jumapili alikitafakari akilima Jumatatu.

Siku moja ya kiangazi cha mwaka 1885, Boberg alikuwa akirudi nyumbani pamoja na rafiki zake kutoka kwenye mkutano wa ibada huko Kronobäck, nje kidogo ya Mönsterås. Hewa ilikuwa imetulia. Mara wingu zito likatokea upande wa upeo wa macho, umeme ukapasua anga, na upepo mkali ukapita juu ya malisho na mashamba ya nafaka ukiyalaza masuke. Ngurumo zikafuatana. Ikanyesha mvua ya baridi, wakakimbia kutafuta mahali pa kujikinga. Haikuchukua muda mrefu. Dhoruba ikapita, na upinde wa mvua ukajitokeza.

Alipofika nyumbani alifungua dirisha lililoelekea ghuba. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Ng'ambo, msituni, ndege alikuwa akiimba, na kutoka kanisani zilisikika kengele za maziko. Yote hayo yalimfikia kwa pamoja: radi iliyomtisha saa chache kabla, maji yaliyotulia, ndege anayeimba, na mtu anayezikwa jioni ile. Akaandika shairi la beti 9, aliloliita kwa Kiswidi O Store Gud, yaani Ee Mungu Mkuu.

Inafaa tukae kidogo na shairi hilo, kwa maana wengi hudhani Boberg aliimba maumbile tu, na kwamba habari za msalaba zililetwa na watu wengine baadaye. Si hivyo. Beti zake zinaanzia kwenye uumbaji, ni kweli: ulimwengu ulioitwa kwa neno, viumbe wanaolishwa mezani pa Mungu, nyota zinazofuata njia zake, radi na upinde wa mvua. Lakini haziishii hapo. Anaifungua Biblia na kuona matendo ya Bwana tangu mwanzo. Anawataja wanaomkana Mungu na kuidharau neema yake. Kisha anafika kwa mtu aliyelemewa na dhambi, aliyeanguka miguuni pa Bwana kuomba rehema. Anamalizia na siku ile pazia la wakati litakapoondolewa. Mtu huyu wa pwani, aliyewahi kusafiri baharini na kujua tufani ni kitu gani, hakuona mpaka kati ya Mungu anayenguruma na Mungu anayesamehe.

Jamaa wa ukoo wake walisimulia baadaye habari nyingine: kwamba shairi lile lilikuwa ufafanuzi wa Zaburi ya 8, na kwamba liliimbwa na waumini wa uamsho katika miaka ile waliyokuwa wakinyanyaswa. Sioni mgongano wowote kati ya habari hizi mbili. Zaburi ya 8 inamweka mtu usiku chini ya mwezi na nyota, halafu inamuuliza Mungu imekuwaje akamkumbuka kiumbe mdogo namna hii. Ndani ya swali hilo wokovu umeshaanza kuchungulia, kwa kuwa Mungu asiyemkumbuka mtu hawezi kumwokoa. Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, unaichukua zaburi hiyohiyo na kuiweka moja kwa moja juu ya Yesu aliyeonja mauti kwa ajili ya kila mtu. Kijana aliyelelewa kwa maneno kama hayo ndiye anayesikia sauti ndani ya radi, wakati mwenzake anasikia kishindo tu na kuhofia nguo alizoanika.

Shairi lilichapishwa katika gazeti la mji, Mönsterås Tidning, tarehe 13 Machi 1886. Baada ya hapo lilitulia, kama yanavyotulia mashairi mengi ya magazetini. Miaka kadhaa ikapita, Boberg akawa katika mkutano huko Värmland, upande wa magharibi wa nchi, na huko akashangaa kusikia watu wakiimba maneno yake. Mtu fulani alikuwa ameyaoanisha na wimbo wa zamani wa kienyeji, na hakuna aliyeandika jina la mtu huyo. Sauti tunayoijua leo, inayopanda taratibu katika beti na kupaa kwenye kiitikio, ilitoka kwa wakulima wa Kiswidi. Mwaka 1890 Boberg alikuwa amekuwa mhariri wa jarida la Sanningsvittnet, yaani Shahidi wa Kweli, kazi aliyoifanya hadi 1916. Mwezi Aprili 1891 alichapisha humo shairi lake pamoja na noti za piano na gitaa zilizopangwa na mwalimu wa muziki Adolf Edgren. Baadaye Boberg aliingia bungeni, akakaa humo miaka mingi.

Wakati huohuo Småland ilikuwa ikimwaga watu wake. Njaa ya mwaka 1867 hadi 1869 na uhaba wa ardhi viliwasukuma Waswidi kwenda Marekani, na kati ya miaka ya 1850 na 1930 waliovuka bahari walizidi milioni moja. Walibeba vitabu vyao vya nyimbo. Mwaka 1925 E. Gustav Johnson wa chuo cha North Park, Chicago, aliutafsiri wimbo wa Boberg kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wa wahamiaji waliokuwa wakisahau lugha ya wazazi wao. Tafsiri ile ilikaa ndani ya jamii ya Waswidi na haikutoka nje sana. Njia ambayo wimbo huu ungefika kwa mataifa haikupita Chicago. Ilipita mashariki, kwa watu wenye shida zaidi.

Huko Estonia, iliyokuwa chini ya dola ya Urusi, Mjerumani wa ukoo wa kibwanyenye aliyeitwa Manfred von Glehn aliusikia, na mwaka 1907 akautafsiri kwa Kijerumani. Kutoka Kijerumani uliingia Kirusi kwa mkono wa Ivan Prokhanov, na mtu huyu hapaswi kupitwa haraka. Alizaliwa Vladikavkaz, kwenye milima ya Kaukazi, mwaka 1869, akasomea uhandisi St. Petersburg, na mwaka 1909 akasimamisha Muungano wa Wakristo wa Kiinjili wa Urusi yote. Alitunga na kutafsiri nyimbo zaidi ya 1,000. Kulipokuwa hakuna wahubiri wa kutosha kwa nchi pana namna ile, aliamini kitabu cha nyimbo kingefika mahali ambapo mhubiri asingefika, na alikuwa sahihi. Mwaka 1912 aliutoa wimbo wa Boberg kwa Kirusi. Chini ya wakomunisti aliwekwa gerezani. Mwaka 1928 alitoka nchini, na mwaka uliofuata serikali ilitunga sheria iliyobana dini kiasi kwamba hakuweza kurudi. Alifariki Berlin mwaka 1935. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuzichapisha.

Sasa anaingia Mwingereza Stuart Hine. Alizaliwa London mwaka 1899, na mwaka 1923 alifunga ndoa na Edith, wakaondoka pamoja kwenda kuhubiri Poland na kwa Waukraine wa nchi zile za mpakani. Mwaka 1931 walikuwa katika Ukraine ya milima ya Karpati, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Chekoslovakia. Huko ndiko walikosikia kwa mara ya kwanza wimbo wa Boberg, kwa Kirusi cha Prokhanov, katika vinywa vya watu maskini wa milimani. Hawakujua umetoka Uswidi. Waliupenda, wakauimba wawili, mume na mke, katika mikutano yao. Miaka miwili haikupita, mashariki zaidi, katika Ukraine ya Kisovieti, mamilioni ya wakulima walikufa kwa njaa iliyosababishwa na serikali yao kunyang'anya nafaka, 1932 hadi 1933. Wanaodhani kwamba kustaajabia ukuu wa Mungu ni kazi ya watu walioshiba waikumbuke miaka hiyo na mahali hapo.

Hine alisafiri vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, akigawa Maandiko. Siku moja dhoruba ilimkuta milimani, na akasikia radi ikipita kutoka bonde hadi bonde, ikigonga ukuta mmoja wa mlima na kurudishwa na mwingine. Wimbo wa Kirusi ukamjia, na maneno ya Kiingereza yakaanza kujipanga. Huo ndio ubeti wa kwanza. Wa pili ulitoka msituni, karibu na mpaka wa Romania, alipokuwa akitembea na vijana waumini. Katikati ya miti na ndege, vijana wale wakaanza kuimba wenyewe, na wimbo walioimba ulikuwa uleule. Hine hakuutafsiri wimbo wa Boberg neno kwa neno. Alichukua roho yake na kuandika alichokiona kwa macho yake, na hivyo katika beti mbili radi ya Mönsterås ikawa radi ya Karpati.

Ubeti wa tatu una historia yake, na kwangu ndiyo kilele cha safari yote. Hine alikuwa na desturi ya kuuliza, kila afikapo kijijini, kama pana Wakristo. Katika kijiji kimoja aliambiwa wapo wawili tu, Dmitri na mkewe Lyudmila. Lyudmila alijua kusoma, jambo la nadra pale. Miaka kadhaa nyuma askari wa Kirusi alipita akaacha Biblia, naye akajifundisha kusoma kwa kitabu hicho hicho, herufi baada ya herufi, polepole, bila mwalimu. Hine na Edith walipoikaribia nyumba walisikia sauti, wakasimama. Ndani mlikuwa mmejaa majirani. Lyudmila alikuwa akiwasomea Injili ya Yohana, habari za kusulubiwa, na alikuwa amefika mahali penyewe.

Watu wa kule wanapotubu hawatubu kimoyomoyo. Wanatubu kwa sauti. Kila mmoja ndani ya chumba kile alikuwa akimwambia Mungu kwa maneno yake kwamba haingii akilini, kwamba Mwana wa Mungu afe kwa ajili ya mtu kama yeye. Mmoja akilia, mwingine akishukuru, mwingine akirudia jina la Yesu. Wageni wale wawili hawakugonga mlango. Waliona si haki kuingia na kuukatiza utendaji wa Roho Mtakatifu kwa salamu za wageni. Hine akabaki nje akiandika yale aliyokuwa akiyasikia, na maneno ya wakulima wale, akiwa ameyatia kwenye mizani ya wimbo, ndiyo yakawa ubeti wa msalaba.

Nikiulizwa nani alitunga ubeti wa tatu, nitamtaja Lyudmila kabla ya Hine. Hakuandika hata neno moja. Alisoma kwa sauti katika nyumba yake, kwa ujuzi alioupata kwa taabu, na watu wakamwona Kristo. Tazama pia mahali ambapo mshangao ulipo katika tukio hili. Wakulima wale waliishi maisha yao yote katikati ya milima ambayo watu wa mjini husafiri mbali kwenda kuitazama. Walikuwa na nyota za kila usiku na radi za kila kiangazi. Kilichowatoa machozi kilikuwa habari ya mtu mmoja aliyetundikwa mtini nje ya mji wa Yerusalemu. Milima ilikuwa imewafundisha kwamba Mungu ana nguvu. Haikuweza kuwaambia kwamba anawajua kwa majina, wala kwamba amelipa deni lao. Mtume Paulo anasema katika Warumi kwamba uwezo na uungu wa Mungu vinaonekana katika vilivyofanyika, na hilo ni kweli, lakini katika barua hiyo hiyo anaendelea sura kwa sura mpaka afike msalabani, kwa sababu anayeujua uwezo wa hakimu bila kuijua rehema yake hana la kuimba.

Mwaka 1939 vita viliwaondoa. Hine na Edith walirudi Uingereza wakiwa na beti tatu. Kule Karpati, nchi ile ndogo iliyojitangazia uhuru mwezi Machi ilivamiwa na Hungaria papo hapo, na baada ya vita kuu ikatwaliwa na Wasovieti. Boberg alifariki Januari 1940, bila kujua kwamba wimbo wake ulikuwa umevikwa Kiingereza kipya milimani mwa watu wengine.

Vita vilipokwisha, Ulaya ilijaa watu wasio na kwao. Warusi, Waukraine, Wapolandi na wengineo waliishi kambini, wengi wao wakijua kwamba kurudi nyumbani ni kurudi gerezani au kifoni. Mwaka 1948 Hine alitembelea kambi ya Warusi huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Kati yao aliwakuta wawili tu waliokuwa wakimkiri Kristo. Mmoja alimsimulia habari yake. Vita vilimtenganisha na mkewe. Wakati wa kutengana, mke alikuwa ameamini naye bado. Baadaye, mbali naye, yeye pia akaamini. Alichotamani kuliko vyote ni kumwambia mkewe kwamba sasa wako njia moja, na hakuwa na namna ya kumtafuta wala tumaini la kumwona tena katika dunia hii. Tumaini lake lilikuwa kukutana naye mbele za Bwana. Swali ambalo wakimbizi walikuwa wakiuliza kila mara lilikuwa lini watakwenda nyumbani.

Hine akaandika ubeti wa nne, wa kurudi kwa Kristo na kupelekwa nyumbani. Mara nyingi tunauimba kana kwamba ni ubeti wa kumalizia tu, wakati mwongoza ibada ameshaangalia saa. Neno la nyumbani ndani yake lilitoka kwa watu walionyang'anywa nyumba, na tumaini la kukutana lilitoka kwa mtu ambaye hakujua kama mkewe yu hai. Mwaka 1949 Hine alichapisha wimbo mzima, Kirusi na Kiingereza, katika jarida lake dogo la Kirusi lililowafikia wakimbizi katika nchi 15. Kwa Kiingereza uliitwa How Great Thou Art.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio, na kwa kuwa sehemu hii inasimuliwa sana nitaipita upesi. Wamisionari wa Kiingereza waliuona katika jarida lile wakaupeleka Afrika na India. Mwaka 1951 mmisionari James Caldwell, aliyefanya kazi Afrika ya Kati, aliuimba katika mkutano wa Biblia huko Stony Brook, karibu na New York. Mwaka 1954 mhubiri Edwin Orr aliusikia Deolali, India, ukiimbwa na kwaya ya Wanaga, watu wa milima ya Assam, akaubeba hadi California. Mwaka huohuo karatasi ya wimbo iliwekwa mikononi mwa George Beverly Shea, mwimbaji wa mikutano ya mhubiri Billy Graham, alipokuwa London. Aliuimba katika mikutano ya Toronto mwaka 1955, na mwaka 1957, katika majuma 16 ya mikutano ya New York, uliimbwa karibu mara 100. Miaka kumi baadaye Elvis Presley aliupa albamu yake jina la wimbo huo, na albamu ile ikapata tuzo ya Grammy. Shea aliendelea kuuimba hadi uzee mkubwa. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 104.

Jambo moja katika mbio hizo lisitupite. Marekani, nchi yenye vyombo vyote vya kurekodi na kusambaza, iliupokea wimbo huu kutoka kwa mmisionari wa Afrika na kutoka kwa Wanaga wa milimani, nao waliupokea kwa sababu Mwingereza mmoja alisimama nje ya nyumba ya Karpati akasikiliza. Kanisa la mataifa lilikuwa likilishana kwa njia ambazo hakuna ofisi iliyozipanga.

Kwetu Afrika Mashariki uliingia katika Tenzi za Rohoni kwa jina la Bwana Mungu Nashangaa Kabisa, na hauhitaji kutambulishwa. Mwongoza ibada anataja namba, na kabla vitabu havijafunguliwa akina mama wameshaanza. Tafsiri ya Kiswahili inafuata mpango wa Hine: kwanza nyota na ngurumo, kisha ndege, milima na upepo, kisha Mwana aliyetolewa afe kwa ajili ya dhambi, na mwisho kurudi kwake. Inaimbwa kwa kinanda kanisani mjini na bila chombo chochote kijijini. Mahali pasipo na kinanda ndipo unaposikia vizuri jinsi kiitikio kilivyojengwa: sauti ya kwanza inapanda, sauti ya pili inaikamata chini yake, wazee wa besi wanashika ardhi, na hakuna anayeharakisha. Waliozoea kuuimba msibani wanajua kwamba jeneza likiwa katikati ya uwanja, ubeti wa ndege na milima huimbwa kwa utulivu, na sauti huongezeka watu wanapofika ubeti wa tatu na wa nne.

Nasema hivi kwa sababu baadhi ya wahubiri wetu siku hizi wameufanya wimbo wa sifa kuwa malipo ya baraka: Mungu amenipa gari, namsifu, amenipa viza, namsifu. Historia ya wimbo huu inatushuhudia kinyume. Boberg aliandika huku kengele za maziko zikilia. Prokhanov alijua gereza. Watu wa Karpati walikuwa maskini na Waukraine wenzao upande wa Wasovieti walikuwa wakifa njaa. Mtu wa Sussex hakuwa na mke, nchi wala nyumba. Wote hao walimwita Mungu mkuu, na walimaanisha. Ukuu waliouimba ulikuwa wa Mungu mwenyewe, katika alivyoviumba na katika Mwana aliyemtoa, si wa vitu walivyopewa.

Hine aliishi hadi mwaka 1989. Tangu Februari 2022, vita vilipoanza upya katika Ukraine, eneo lile la Karpati, leo likiitwa Zakarpattia, limewapokea Waukraine wengi waliokimbia mabomu ya mashariki. Huku kwetu, kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imekuwapo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia Kivu ya Kusini. Wapo waliozaliwa humo na kuolewa humo, na Jumapili wanamwabudu Mungu kwa Kiswahili. Watu wa namna hii ndio waliosababisha ubeti wa nne kuandikwa. Mchungaji anayeukata wimbo kwenye ubeti wa tatu ili kuokoa muda anawakatia wao sehemu yao, na ningemwomba asifanye hivyo.